Maswali ya Wasomaji: Je, Mwanangu Ahame Kanisa?

SWALI: Ndugu Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama ninayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na nimelelewa katika kanisa la AIC (Africa Inland Church) tangu Shule ya Jumapili. Mwanangu wa pili yuko Marekani, anasoma mwaka wa kwanza. Alipofika alitafuta kanisa lililo karibu na bweni lake, akapata moja ambalo waumini wake karibu wote ni Wazungu. Jumapili ya kwanza aliketi, na familia iliyokuwa kwenye benchi hilo ikainuka ikahamia benchi la nyuma. Alidhani labda walitaka nafasi, lakini jambo hilo likajirudia mara mbili zaidi. Jumapili ya nne, mhudumu wa mlangoni alimuuliza, kwa upole kabisa, kama amekuja kuchukua chakula cha msaada, maana hicho hugawiwa Jumamosi. Alikuwa amevaa suti niliyomshonesha kwa fundi hapahapa Kirumba. Sasa wenzake wamemwalika kwenye kanisa la Wamarekani weusi. Mjomba wake anasema kuhamia huko ni ubaguzi uleule uliogeuzwa, na kwamba Mkristo huvumilia. Mimi nashangaa zaidi: si ndio hawa waliotuletea Injili? Huku kwetu, namshukuru Mungu, mambo ya rangi hatunayo. Nimwambie nini mwanangu?
Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Nianze na lile benchi, kwa sababu Maandiko yana kisa kinachofanana nalo sana. Huko Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na waumini wasio Wayahudi, lakini walipofika watu fulani kutoka kwa Yakobo alijitenga nao, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Hatusomi kwamba alimtukana mtu. Aliondoka mezani tu. Paulo naye hakuwaendea wale walioachwa mezani akawahimiza wavumilie. Alimkabili Petro ana kwa ana, mbele ya wote, kwa kuwa aliona mwenendo ule hauendi sawasawa na kweli ya Injili (Wagalatia 2:11-14). Kwa hiyo mtu akimwambia mwanao kwamba amekuwa mwepesi wa kuudhika kwa jambo dogo la benchi, amkumbuke Paulo.

Umeuliza kama si ndio hawa waliotuletea Injili. Ndio hao, mama, na historia yao ina pande zote mbili. Misheni ya Africa Inland, iliyopokea kituo cha Nassa kando ya Ghuba ya Speke mwaka 1909, na ambayo kanisa lako limetoka kwake, iliundwa mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1895. Katika mji huohuo, takriban miaka 100 kabla ya hapo, alisali mtu aitwaye Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa akajinunulia uhuru wake. Siku moja yeye na wenzake walipokuwa wamepiga magoti katika kanisa la Kimethodisti la St. George's, mdhamini mmoja wa kanisa alimshika mwenzake Absalom Jones na kuanza kumwinua kwa nguvu, kwa kuwa hawakuwa mahali walipotengewa watu weusi. Jones aliomba waachwe mpaka sala imalizike. Hawakuachwa. Sala ilipokwisha wakatoka wote kwa pamoja, na mwaka 1816 Allen akawa askofu wa kwanza wa kanisa jipya la African Methodist Episcopal.

Msimulie kaka yako kisa hicho, kwa heshima. Makanisa ya weusi ya Marekani yalianzishwa na watu walioinuliwa magotini, na kuyaita ubaguzi uliogeuzwa ni kumlaumu aliyefukuzwa sebuleni kwa sababu amejijengea nyumba.

Wala wale Wazungu hawakukosa Biblia. Mwaka 1667 bunge la koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba ubatizo haumtoi mtumwa utumwani. Sheria ya namna hiyo haitungwi mpaka watu wawe wamekwisha kusumbuliwa na swali la jinsi ndugu yao katika Kristo anavyoweza kuwa mali yao. Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao wa Kaskazini mwaka 1845 wakitaka mwenye watumwa aruhusiwe kutumwa kama mmisionari, na azimio lao la kuomba radhi lilipitishwa mwaka 1995. Miaka 150! Hata kobe angekuwa amefika. Hata hivyo waliomba, na yapo makanisa ambayo hadi leo hayajafungua kinywa.

Sasa kuhusu kuvumilia. Mwezi Aprili 1963, mchungaji Martin Luther King aliandika barua akiwa gerezani Birmingham, jimboni Alabama, akiwajibu viongozi wa dini Wazungu wanane waliotaka watu weusi wasubiri haki zao na waache maandamano. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Jumapili asubuhi, bomu liliua wasichana wanne katika kanisa la 16th Street Baptist la mji uleule. Kumwambia anayeumizwa avumilie tu hakumkingi.

Kusamehe ni jambo jingine, na hapo sina la kuwafundisha Wakristo weusi wa Marekani. Tarehe 17 Juni 2015, huko Charleston, kijana wa Kizungu aliingia katika somo la Biblia kwenye kanisa la Emanuel, ambalo ni la dhehebu lilelile la Allen. Walimkaribisha, akaketi nao karibu saa nzima, kisha akawaua watu tisa. Siku mbili baadaye baadhi ya ndugu wa marehemu walimwambia mahakamani kwamba wamemsamehe. Kesi iliendelea, na mwaka 2017 akahukumiwa kifo. Nakiri sijui kama mimi ningeweza kuyatamka maneno yale.

Ulipoandika kwamba huku kwetu mambo ya rangi hatunayo, mama, niliiweka barua chini kidogo. Sengerema, ng'ambo tu ya maji kutoka kwako, pana mnara wenye majina ya watu wenye ualbino waliouawa katika Kanda hii ya Ziwa. Na mimi mwenyewe, katika ibada moja hapa mjini, nimeona mama aliyepakata mtoto mwenye ualbino akiachiwa benchi zima, huku watu wamesimama ukutani. Sikwenda kuketi naye. Nilijiambia kwamba nimeshapata pa kuegemea.

Kwa mwanao, nashauri asihame kimyakimya, na asibaki kimyakimya. Amwombe mchungaji wa kanisa lile nafasi ya kuzungumza, aende na rafiki mmoja, amweleze tarehe na mambo yalivyokuwa, pamoja na swali la chakula cha msaada, bila kuongeza chumvi. Wakati huohuo aitikie ule mwaliko wa wenzake. Kijana aliye mbali na nyumbani anahitaji mahali atakapoulizwa hali, na hapo si dhambi kupapenda. Mchungaji akimwambia kwamba ameelewa vibaya tu, basi ahamie huko kwa amani, na wewe usimlaumu.

Lakini mchungaji akimsikiliza, na akauliza wafanye nini, mwanao awe na jibu tayari. Katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, kanisa lilichagua watu saba kusimamia huduma hiyo, na wote saba wana majina ya Kiyunani. Aombe apangiwe zamu mlangoni.