Uliza Fundi: Njia ya kii bila mashine ya milingi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine ndogo ya kukereza nyuma ya nyumba. Nimekereza shafti ya kinu cha kusaga, milimita 25, imetoka safi. Tatizo ni njia ya kii ya puli, yaani mfereji wa kile kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti, maana sina mashine ya milingi ya kuchongea mifereji na karakana ya mjini wananipiga kalenda. Jirani anasema nichimbe kwa grenda, mwingine anasema nichomee puli moja kwa moja. Nifanyeje?
Msomaji, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba. Huyo wa kuchomea mshukuru kwa chai, ushauri mwachie mwenyewe. Siku beringi ikifa utaitoaje hiyo puli? Na joto la welding litaipinda shafti uliyohangaika kuinyoosha. Grenda nayo haichimbi njia, inachimba mtaro. Kii itacheza humo mpaka iumalize.

Mashine uliyonayo inatosha, ila kazi hii utaifanya ikiwa imezimwa. Chomoa kabisa waya wa umeme. Shafti inakaa tuli, kisu ndicho kinachotembea kwa mkono, kikikwangua kama randa.

Kwanza vipimo. Shafti ya 25 inachukua kii ya upana 8 na kimo 7. Kwenye shafti njia inaingia kina cha milimita 4, kwenye puli 3.3. Ukijumlisha unapata 7.3, yaani juu ya kii inabaki nafasi ya 0.3. Usiizibe. Kii inabana ubavuni. Ikibana juu inaisukuma puli upande mmoja na mkanda utaanza kuyumba.

Pale njia inapoishia, upande wa taya za mashine zinazobana shafti, toboa tundu kwa drili ya 8, kina kizidi 4 kidogo tu. Wengi wanaliruka tundu hili. Bila hilo, chuma kinachokwanguliwa hakina pa kukatikia. Kinajikunja mbele ya kisu, na pigo linalofuata linavunja ncha.

Kisha bana shafti kwenye taya, tundu likikuelekea wewe, katikati yake ikiwa sawa na kimo cha senta, ile ncha ya mashine inayoshika mwisho wa shafti. Mwisho wa pili ushikwe na senta nyembamba isiyozunguka, ili kisu kipate nafasi ya kuanzia pembeni yake. Kuzuia taya zisigeuke, weka kabari ya mbao ngumu kati ya taya na kitanda cha mashine. Usizuie kwa gia. Jino la gia likivunjika hapo, utaisaka Gerezani yote, kule Dar.

Kisu kinoe kutoka kipande cha haisipidi, chuma kigumu cha visu vya mashine, upana milimita 5, si 8. Mashine ndogo haina nguvu ya kusukuma ncha pana, itatetemeka. Kilaze ubavu, makali yasimame wima yakitazama taya. Chini yake weka bati la 1.5, halafu panga katikati ya makali ilingane na ncha ya senta. Kata hapo mpaka kina kifike. Ukitoa bati, kisu kinashuka 1.5, unapanua upande wa chini. Ukirudisha bati na kuongeza la pili la 1.5, kinapanda, unapanua upande wa juu. 5 na 3, hiyo ndiyo 8 yako. Usijaribu kupanua kwa kuigeuza shafti, kuta zitalala.

Kila pigo kula 0.1 tu, au 0.05 kama mashine inalalamika. Weka oili. Kabla ya kurudi nyuma vuta kisu nje, usikiburuze ndani ya njia. Kwa 0.1 ni mapigo 40 kwa kila nafasi, na mkono utachoka. Weka redio.

Kina usikipime kutoka juu, maana juu umeshapakata. Shika venia, kile kipimo cha taya mbili zinazoteleza, taya moja ndani ya njia na nyingine mgongo wa shafti upande wa pili. Ikisoma 21, simama. Pembe za njia zipitishe tupa laini, kisha jaribu kii: iingie kwa kugongwa taratibu na nyundo ya shaba. Ikiingia kwa kidole imelegea.

SWALI LA PILI, la msomaji huyohuyo: Puli ninayo ya zamani, ina njia tayari. Naweza kuitumia?

JIBU: Ulipaswa kuanza na hiyo. Pima tundu lake kabla hujagusa shafti. Puli nyingi za zamani ni za inchi: tundu la inchi 1 ni 25.4, na kii yake ya kawaida ni robo inchi, 6.35. Kwenye shafti yako ya 25 itacheza kama bangili. Kama ndivyo ilivyo, ama ukereze shafti nyingine ya 25.4, ama utie bushi, kipande cha bomba cha kupunguza tundu, ndani ya puli na kuikata njia upya. Kwa hali yako ningekereza shafti nyingine, chuma cha kuanzia kikiwa 28 au 30.