Msimu wa vimbunga haujaisha mpaka Novemba iishe

SWALI: Kaka mhariri, niko Houston, mwaka 2024 kimbunga Beryl kilitupiga Julai 8 umeme ukakatika, nyama yote kwenye friza ikaoza, halafu Agosti mwishoni kimyaa. Sasa mbona watu walikua bado wanatunza maji na betri?

JIBU: Pole dada, nyama inauma! Ila kimya kile kilikua cha kudanganya. Kule Atlantiki msimu unaanza Juni 1 mpaka Novemba 30 na kilele chake ni kama Septemba 10 hivi, maana bahari inachelewa kupata joto, jua linaipika miezi yote hiyo na dhoruba inakula joto hilohilo. Beryl ndo iliwahi mno, kufika daraja la 5, lile la juu kabisa la vimbunga, mwanzoni mwa Julai haijawahi kutokea kabla. Baada ya kimbunga Ernesto wiki kama tatu hola, afu Septemba 9 ikapewa jina Francine, Septemba 26 Helene ikaingia Florida, na Oktoba 9 Milton hukohuko, watu hata vifusi hawajamaliza kuzoa. Kwahiyo betri zako usizigawe kabla ya Desemba, nyama nunua kidogokidogo tu.