Jibu: Picha ya zamani ya Mikindani imegandia kioo cha fremu

Habari ndugu. Umesema picha ya mtaa wa Mikindani, mji wa pwani karibu na Mtwara, aliyoacha babu imegandia kioo, na ukiivuta inachanika. Usiivute tena, wala usiilowanishe! Joto na unyevu wa pwani hulainisha jelatini, yaani tabaka jembamba juu ya karatasi lililobeba taswira. Ikikauka inashika kioo. Ukiibandua, roshani na nakshi za mlango zinazoonekana pichani zinabaki kwenye kioo.

Toa fremu tu, kioo kiache. Futa upande wa nje kwa kitambaa kikavu, kisha iskani hivyo hivyo kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), uhifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. Kama skana hakuna, tumia simu kivulini, bila flashi, ukitundika kitambaa cheusi nyuma yako kuua mng'ao.

Kuhusu umri, tazama Boma, ngome ya Wajerumani iliyojengwa hapo Mikindani mwaka 1895: likionekana, picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1895.