Kwa Mwanafunzi wa Unukuzi wa Kitabibu: Iweke Kando Hiyo Orodha ya Maneno

Mara kwa mara napokea ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiandikisha kozi ya unukuzi wa kitabibu, yaani kazi ya kusikiliza sauti ya daktari na kuiandika kuwa ripoti, na swali huwa lile lile: maneno yote haya nitayashikaje? Amepewa orodha ya istilahi kuanzia A hadi Z aikariri. Ameanza kwa moto, amefika herufi C, kichwa kinamwanga. Jibu langu halibadiliki: iweke orodha kando kwanza, utafute picha nzuri ya tumbo na yaliyomo ndani yake.

Nasema hivyo kwa sababu neno halikufikii likiwa limeandikwa. Daktari amemaliza kumwona mgonjwa, anasoma imla mbio mbio, pengine yuko koridoni na mtu anamsemesha pembeni. Unachopata wewe ni sauti, nusu yake imemezwa. Na lugha ya tiba imejaa maneno yanayofanana kwa sauti huku yakiwa hayana undugu wowote. Aliyekariri tahajia tupu atajikuta na majibu mawili yaliyoandikwa sawasawa, asijue alichukue lipi. Anayeujua mwili atachagua.

Chukua ileum na ilium. Ukiyasikia ni neno moja. Lile la e ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. La i ni mfupa mpana wa nyonga, ule unaougusa ukijishika kiuno. Daktari wa upasuaji akisema amechukua kipande cha mfupa hapo ili aunge mguu uliovunjika, huhitaji kurudisha sauti nyuma. Hivyo hivyo perineal na peroneal: la kwanza ni la eneo lililo kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri, la pili ni la upande wa nje wa mguu chini ya goti. (Wataalamu wa anatomia walipoidhinisha orodha yao ya kimataifa mwaka 1998 walipendelea fibular badala ya peroneal. Madaktari wengi wanaendelea na lile la zamani kana kwamba hawakuambiwa, na wewe unaandika alichosema daktari.)

Jozi inayosumbua kweli kweli ni dysphagia na dysphasia. La kwanza ni shida ya kumeza, la pili ni shida ya lugha: kusema au kuelewa unachoambiwa. Tofauti ni sauti moja tu katikati, kitu kama j dhidi ya z, na simu mbovu inaifuta kabisa. Kibaya zaidi, mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa nazo zote mbili, na mtaalamu anayeitwa kumpima ni yule yule kwa zote mbili. Kwa hiyo kusema "ni ripoti ya kiharusi, basi ni ya lugha" hakutoshi. Sikiliza yanayofuata. Daktari akiagiza vinywaji viongezwe uzito, akataja mrija wa kulishia, au akaogopa chakula kuingia mapafuni, hapo ni kumeza. Akisema mgonjwa alionyeshwa kalamu akashindwa kuitaja jina, au aliambiwa ainue mkono akabaki anatazama tu, hapo ni lugha. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wasikilize faili yote mara moja kabla ya kuandika chochote, hata kama mwalimu anapima kasi. Jibu la dakika ya kwanza mara nyingi liko dakika ya tatu.

Sasa, vipande vya maneno. Istilahi nyingi ni Kigiriki na Kilatini zilizoungwa, na sisi tuliozoea kuvunjavunja "hawatatuandikia" bila hata kufikiri hatuna sababu ya kuogopa cholecystectomy: chole ni nyongo, cyst ni mfuko, ectomy ni kukata na kuondoa. Kazi iko kwenye mikia. Watu husoma haraka -ectomy, -otomy na -ostomy kama vile ni ndugu wa mama mmoja. Colectomy ni kuondoa utumbo mpana au sehemu yake, colotomy ni kuupasua tu, colostomy ni kuutolea mlango kwenye ngozi ya tumbo, na huyu wa mwisho atarudi nyumbani na mfuko wa kukusanyia choo. Maisha matatu tofauti, na daktari mwenye haraka anayatamka karibu sawa. Vivyo hivyo hypo (chini ya kawaida) na hyper (juu ya kawaida). Hapo msaada ni tarakimu: shinikizo la damu la 80/50 haliwezi kuwa hypertension hata daktari aitamke vipi.

Kuna mtego mwingine unaotunasa hasa sisi tuliosomea Kenya na jirani zake. Shuleni tulifundishwa Kiingereza cha Uingereza, ilhali sehemu kubwa ya kazi hii kihistoria ni ya hospitali za Marekani. Oesophagus inakuwa esophagus, anaemia inakuwa anemia, oedema inakuwa edema, haemorrhage inakuwa hemorrhage. Wewe ukimpeleka mteja wa Marekani oedema utarudishiwa, na si kwamba hujui kuandika. Amua mapema unaandikia nchi gani, uweke kamusi ya kompyuta kwenye Kiingereza hicho, kisha usichanganye. Pia wamarekani wa fani hii huondoa alama ya umiliki kwenye magonjwa yenye majina ya watu, wanaandika Parkinson disease na Down syndrome, hata kama daktari ametamka s waziwazi. Utaona kama uchoyo wa herufi, lakini ndivyo mwongozo wao unavyotaka.

Halafu kuna herufi za mwanzo zisizosikika. Kiswahili kimetudekeza: tunaandika nimonia kama tunavyoisikia. Kwa Kiingereza inaanza na p: pneumonia. Ukisikia n mwanzoni na kamusi haikupi kitu, jaribu pn. Ukisikia s, jaribu ps, kisha sc, kisha c. Sauti ya z inaweza kuwa x, kama xerosis, yaani ukavu wa ngozi. T inaweza kuwa pt, kama ptosis, kope iliyolegea. R inaweza kuwa rh, na f inaweza kuwa ph. Bandika haya ukutani mbele ya meza. Ni karatasi moja yenye faida kuliko orodha yote ya A hadi Z.

Nikiri pia kuna siku ugeni huu unageuka. Chikungunya, homa inayokunja viungo, jina lake limetoka Kimakonde, baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa iliyokuwa Tanganyika. O'nyong-nyong, homa inayofanana nayo, ni Kiacholi. Zika, homa nyingine ya mbu, imechukua jina la msitu wa Uganda. Burkitt lymphoma, aina ya saratani, imebeba jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapisha maelezo yake mwaka 1958. Unakaa na hedfoni zako, daktari wa mbali anahangaika na chikungunya kama mtu mwenye mfupa kooni, nawe umeshaiandika na kuendelea. Raha hiyo haiji mara nyingi. Ifurahie.

Dawa ni somo la peke yake na sitalimaliza hapa. Anza na mikia tena: -pril, -olol, -sartan, -statin. Ukiijua familia, unajua dawa inatibu nini, na unajua kama inaingia kwenye ripoti uliyonayo. Hydralazine ni ya shinikizo la damu, hydroxyzine ni ya muwasho na wasiwasi. Usidhani ni wanafunzi peke yao wanaochanganyikiwa. Omeprazole, dawa ya asidi ya tumboni, iliingia soko la Marekani ikiitwa Losec, ikawa inachanganywa na Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, hadi mwaka 1990 ikabadilishwa jina kuwa Prilosec. Kampuni nzima ilibadili jina la bidhaa kwa ajili ya sauti. Kwa dozi, kuwa mkali: kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza zinapishana kidogo mno, na kama dozi haiingii akilini kwa dawa hiyo, usikisie.

Daftari la maneno ni lazima, ila lipange kwa mfumo wa mwili, si kwa alfabeti: ukurasa wa moyo, wa figo, wa mifupa. Kila neno liandike pamoja na namna ulivyolisikia kwa Kiswahili, hata kama ni kichekesho, kwa sababu siku nyingine utalisikia hivyo hivyo. Lifungie ndani ya sentensi uliyoitunga mwenyewe. Usinakili sentensi ya ripoti halisi. Jina la mgonjwa, tarehe yake ya kuzaliwa, hata hospitali, havina kazi kwenye daftari lako. Marekani wana HIPAA, sheria inayolinda taarifa za wagonjwa, tangu 1996, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na ile programu inayopanua vifupisho kuwa neno zima, usiipe neno ambalo bado huwezi kuliandika kwa mkono. Itakuandikia kosa lile lile mwaka mzima bila wewe kugundua.

Watu wananiuliza kuhusu mashine za kutambua sauti. Ndiyo, zimekula sehemu kubwa ya kazi ya kuandika, na kinachobaki zaidi ni kuhariri rasimu zake, kwa malipo ambayo, tusidanganyane, si ya kujengea nyumba. Mashine haikosei tahajia. Inakosea kwa kuandika neno zuri lisilohusika, ilium iliyonyooka kabisa katikati ya habari za utumbo, na jicho lililochoka linalipita.

La mwisho ni nafasi wazi. Wanafunzi wanaiona kama aibu, wanajaza chochote kinachokaribiana. Mimi nikisahihisha kazi, afadhali mapengo matano kuliko neno moja la kubuni, maana pengo daktari ataliona na kulijaza, neno la kubuni litatembea na faili la mgonjwa hadi wodini. Acha nafasi, weka dakika na sekunde, andika ulichosikia na kipande unachokishuku. Jibu likirudi, na kama bado unaruhusiwa kuifungua ile sauti, rudi kwenye sekunde hiyo usikilize tena huku neno sahihi likiwa mbele ya macho yako. Rudia mpaka usikie kila silabi iliyokuwa imemezwa, ndipo uliingize kwenye ukurasa wake wa daftari.