Jibu kwa anayekwenda Cape Town: maji baridi yasikufanye uache vifaa nyumbani

Dada wa mtaa wa Sakina, Arusha, uliuliza juzi: umejifunza kuzamia Zanzibar, mwezi wa saba unakwenda Cape Town masomoni, na watu wamekwambia maji ya kule ni barafu na matumbawe hakuna, kwa hiyo vifaa uviache Arusha. Nenda navyo. Niliishi kule miaka miwili kabla ya kurudi hapa Moshi, na mbizi nilizozipenda kuliko zote nilizipiga kwenye maji ya nyuzi 13 hivi, kina cha mita 5 hadi 8, nikiingia kwa miguu kutoka ufukweni.

Hiyo baridi wanayokutisha nayo ndiyo inayolisha bahari ile. Kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Atlantiki, na maji ya chini, baridi na yenye rutuba, hupanda kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo upande huo maji huwa makali zaidi wakati wa jua kuliko wakati wa mvua, jambo lililonichanganya sana mwanzoni. Wewe utafika majira ya baridi, na huo ndio wakati wa False Bay, ghuba iliyo upande wa pili wa rasi: pepo za kaskazini-magharibi hutoka nchi kavu, bahari ya upande ule inatulia na maji yanaonyesha.

Anzia Windmill Beach, Simon's Town. Ni kighuba kidogo kilichokingwa na majabali ya granaiti, na mchanga unateremka taratibu. Ukiogelea kidogo tu umeshaingia kwenye msitu wa mwani. Mwani wa kule si huu wa kulimwa Paje. Shina lake ni refu kama mgomba uliovutwa, limeshika mwamba chini, na juu lina kibofu cha hewa kinacholisimamisha. Jua linapopenya katikati ya majani yale nilikuwa nakumbuka njia ya msitu wa Marangu asubuhi.

Sasa nikuombe kitu kimoja: usiogelee sana. Ukishuka na macho ya Zanzibar, yaliyozoea rangi na makundi ya samaki, utaona kijani na ukungu basi. Chagua mwamba mmoja, ukae nao nusu saa. Utaona konokono wa baharini wasio na gamba, rangi zao kama kitenge kipya. Viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, vimepangana. Kambakoche wametoa ndevu nje ya ufa. Siku moja nilichungulia chini ya jabali nikakuta papa wadogo wenye mistari mirefu kama ya nguo za kulalia, wamelala wakibebana. Kuna mwingine mdogo zaidi ambaye akiogopa hujikunja duara na kufunika macho kwa mkia wake. Nilimtazama mpaka akajikunjua akaondoka, na sijawahi kumaliza hewa ya mtungi kwa furaha kama siku ile. Pweza naye yupo, ila yeye ndiye atakuona kwanza.

Kuhusu baridi, suti ya kuzamia ya milimita 3 ya Zanzibar haitoshi. Tafuta ya 5 au 7, yenye kofia, glavu na viatu, na ikubane kwelikweli. Duka lililonikodishia mara ya kwanza lilinipa suti iliyonipwaya. Maji yakawa yanaingia na kutoka, na baada ya dakika 20 vidole vyangu vilishindwa kufungua mkanda wa risasi, yaani vile vizito vya kukusaidia kuzama. Mwenzangu ndiye aliyenifungulia. Tangu siku ile nikianza kutetemeka natoka, hata kama mtungi una hewa nusu. Suti nene inaelea zaidi, kwa hiyo utaongeza risasi. Zipime kwenye maji mafupi kwanza. Kabla ya kuzama, simama maji ya kifuani, utie uso majini, usubiri pumzi itulie. Beba chupa mbili: moja ya chai ya tangawizi, nyingine ya maji ya uvuguvugu ya kumwagia ndani ya glavu.

Mwani ukikunasa usizunguke, utajifunga zaidi. Tulia, ujinasue taratibu. Na usiokote chochote, hasa konokono wakubwa wa miambani. Sheria ya kule ni kali.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa huku juu. Ukizamia siku kadhaa mfululizo, kaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege ya kurudi KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro. Hata anayezamia Tanga akaendesha gari jioni ileile kwenda Arusha anajiweka hatarini, maana mji wenu uko karibu mita 1,400 juu ya bahari na naitrojeni, gesi aliyoivuta kwenye hewa ya mtungi, bado imo mwilini. Lala Tanga, safiri kesho yake.

Ukitaka tusaidiane saizi ya suti, andika urefu na uzito wako hapa.