Karatasi, hati au nyaraka za mhariri?

SWALI: Ninatafsiri orodha ya maandishi aliyoyaacha H. L. Mencken, mhariri na mwandishi wa magazeti wa Baltimore, Marekani. Nimeipa kichwa "Karatasi za Mencken za Kibinafsi na Kikazi". Mwenzangu anasema "Hati". Lipi sahihi?

JIBU: Andika "Nyaraka za H. L. Mencken". Karatasi huuzwa dukani ikiwa tupu, na makaratasi ni rundo linalongoja kuchomwa. Neno hilo linamshushia mtu kazi ya maisha yake. Hati nayo ina harufu ya sheria (hati ya nyumba, hati ya kusafiria) au humaanisha mwandiko.

Nyaraka ndilo neno la wenye fani ya kutunza maandishi. Tanzania ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na majina hayo mawili hayarudiani: kumbukumbu ni majalada ambayo ofisi bado inayahitaji kwa kazi zake, nyaraka ni yale yaliyochaguliwa yatunzwe daima. Maandishi ya Mencken, aliyefariki 1956, yako upande wa pili.

Ila umoja wake una mtego. "Waraka" tumezoea kuusikia kwa barua ya kiserikali inayosambazwa, au Waraka wa Paulo kwa Warumi. Ukiandika "waraka wa Mencken", msomaji atadhani alitoa agizo. Kwa hiyo nyaraka ziwe jina la mkusanyo mzima, na kila kimoja kiitwe kwa jina lake: barua, shajara, rasimu, prufu (nakala ya kusahihishia kabla ya kuchapa), kipande cha gazeti. Upatanisho nao usiuvunje: waraka huu, nyaraka hizi. "Nyaraka hii" imeenea mno maofisini, lakini ni kosa.

Rasimu ya makala au kitabu wengine huiita mswada, nalo ni neno zuri. Uangalie tu usiandike muswada, kwani Watanzania watafikiria Bunge.

Sasa hilo la "kibinafsi", ambalo ndilo linaloharibu tafsiri nyingi. Kibinafsi si siri. Mencken aliagiza shajara yake isifunguliwe hadi ipite miaka 25 tangu kifo chake. Lakini masimulizi aliyoandika kuhusu kazi yake ya magazeti yalifungwa miaka 35, hadi 1991. Ya kikazi ndiyo yaliyokaa gizani zaidi! Basi palipo na zuio andika "zimefungwa hadi mwaka fulani", wala usiliachie neno kibinafsi likubebee maana hiyo. Masimulizi yenyewe yaite tawasifu. Ukiyaita kumbukumbu utagongana na ile kumbukumbu ya ofisini. Katika kichwa chako, rudia "za": "za kibinafsi na za kikazi". Bila "za" ya pili, msomaji anaweza kuona fungu moja lenye sifa mbili, ilhali ni mafungu mawili.

"Za Mencken" pia haisemi kama aliziandika yeye au aliandikiwa. Katika orodha, tenga "barua alizoandika" na "barua alizopokea". Mtafiti anayetafuta mwandiko wake asije akafunguliwa boksi la barua za watu wengine.

Kwenye idadi ndipo karatasi inaporudi kwa haki yake. Boksi lina majalada, jalada lina karatasi, na karatasi ina kurasa mbili: karatasi 12 zilizoandikwa pande zote ni kurasa 24. Ukichanganya hizo, atakayehakiki boksi atadhani nusu yake imeibwa.