Kadi ya zawadi ya dola 100 kwa dola 90 za mtandaoni: ni biashara au ni riba?

SWALI

Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, ninaishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mwisho wa mwaka kazini walitupa kila mmoja kadi ya zawadi ya Visa yenye dola 100. Sijaitumia hata senti. Nina haja ya pesa za kutuma nyumbani, na kadi hii haitoi pesa kwenye mashine ya benki. Dada mmoja tunayesali naye amesema nimpe kadi, naye atanitumia dola 90 kwa Zelle, njia ya kutumiana pesa baina ya akaunti za benki hapa Marekani, papo hapo. Hizo 10 ni za usumbufu wake. Tumeridhiana. Mume wangu anasema hiyo ni riba, mimi naona ni sawa na mtu kuuza kitu chake kwa hasara. Pia ninayo kadi ya dola 50 ya duka moja la nguo ambalo siendi. Nifanyeje?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Katika kadi ya kwanza mume wako kapatia. Hiyo ya pili ina maneno, tutaifikia.

Dada yangu, itoe hiyo kadi mkobani uitazame. Wewe unasema unauza "kitu". Kitu gani? Plastiki ile ukiikata kwa mkasi baada ya salio kwisha, hakuna atakayekulaumu. Kinachotakiwa na mwenzako ni dola 100 zilizoko benki kwa jina la namba zile 16, ambazo anaweza kuzilipa dukani, kituo cha mafuta au popote Visa inapopokewa. Basi umeuza dola 100 kwa dola 90. Ingekuwa ni noti ya 100 mkononi mwako ukaitoa kwa 90, usingehitaji kuniuliza.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi ya Ubada bin Samit aliyoipokea Muslim kwamba dhahabu kwa dhahabu, fedha kwa fedha, ngano kwa ngano, shayiri kwa shayiri, tende kwa tende na chumvi kwa chumvi ziwe sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Na aina zikitofautiana, watu wauze watakavyo maadamu ni mkono kwa mkono. Masharti ni mawili: kulingana pale aina inapokuwa moja, na kukabidhiana papo hapo. Nyinyi mmetimiza la pili, mmeliacha la kwanza. Hiyo ndiyo riba ya ziada.

Najua yupo msomaji aliyekaa darsani Lamu au Unguja atakayenishika shati: "Shekhe, sisi ni Mashafii, na vitabu vyetu vinasema fulusi hazina riba hata zikizagaa sokoni." Ni kweli, imeandikwa hivyo. Lakini fulusi zile zilikuwa sarafu za shaba za kununulia vitu vidogo, na dhahabu na fedha zilikuwepo kufanya kazi ya pesa. Leo noti na tarakimu za benki ndizo mahari, ndizo mshahara, ndizo tunazozitolea zaka. Jopo la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Amman mwaka 1986 lilikata shauri kwamba pesa za karatasi zina hukumu zote za dhahabu na fedha katika riba, zaka na mengineyo. Anayetaka kushikamana na shaba ya zamani, naye aache kudai zaka kwa mwenye milioni benki.

Sasa hilo la kuridhiana. Bilal, Allah amridhie, alimletea Mtume tende nzuri za barni. Akamuuliza amezipata wapi. Akasema alikuwa na tende duni, akauza pishi mbili kwa pishi moja ili Mtume apate kula. Hapo hapakuwa na dhuluma: mnunuzi karidhika, muuzaji karidhika, na nia ilikuwa njema kuliko nia zetu zote. Mtume akasema: hiyo ndiyo riba yenyewe, usifanye. Kisha akamwonyesha njia: ukitaka kununua nzuri, uza kwanza hizo duni kwa mauzo mengine, halafu nunua kwa thamani yake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na mimi huirudia kila ninapoulizwa jambo kama lako, kwa sababu ina katazo na ina mlango wa kutokea.

Na "usumbufu"? Usumbufu gani, kugusa simu mara tatu? Ujira huhalalika kwa kazi inayojulikana, anayoifanya mtu kwa niaba yako. Huyu hakufanyii kazi. Anapokea 100 na kutoa 90. Kama kampuni inayosafirisha pesa inakata ada yake halisi, ada hiyo mnaweza kukubaliana uibebe wewe. Zaidi ya hapo, mmebadilisha jina tu.

Mlango wako wewe ni mwepesi kuliko wa Bilal. Mwezi huu utanunua mchele, mafuta, sabuni na nepi za mtoto, sivyo? Vilipie kwa kadi. Zile dola 100 ulizokuwa umeziweka kwa ajili ya mchele na mafuta, zitume Mombasa. Haja yako imekwisha, na hukupoteza hata senti.

Ikiwa haikufai, mwenzako akutumie dola 100 kamili naye achukue kadi, papo hapo. Au kama anataka kitu, tuseme blenda ya dola 100, inunue kwa kadi yako, ichukue iwe mkononi mwako, kisha muuzie kwa 90 au kwa 85 mkipenda. Hapo umeuza blenda, na bei ya blenda ni yenu. Ila iwe blenda kweli, isiwe anairudisha dukani kesho yake kwa mpango mliopanga nyinyi wawili.

Tena, kwa kuwa pesa unazipeleka Kenya: ukipata mtu wa kukupa shilingi kwa M-Pesa badala ya dola zilizo katika kadi, aina zimetofautiana na bei mnaweza kukubaliana mtakavyo, hata chini ya bei ya soko. Sharti lililobaki ni kukabidhiana. Jopo hilohilo, katika kikao cha Jeddah mwaka 1990, lilikubali kwamba pesa kuingia katika akaunti ya mtu ni kukabidhiwa. Basi keti naye, au mpigiane simu ya video. Aangalie salio la kadi mbele yako, umpe kadi na namba zake, na ujumbe wa M-Pesa uingie kabla hamjaachana. "Nitakutumia jioni" haifai.

Kadi ya duka la nguo wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana. Wako wanaosema ni haki ya kuchukua bidhaa, duka halirudishi pesa, kwa hiyo kuiuza kwa chini ni kama kuuza nguo. Wako wanaosema salio lake limeandikwa kwa dola na hupungua senti kwa senti, basi ni deni la pesa. Hoja ya kwanza ina uzito, na atakayeifuata simkemei. Mimi nafsi yangu ningenunua shuka za dola 50 na kuziuza shuka, au ningempa mtu anayehitaji koti la baridi.

Usifanye pupa pia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 hairuhusu pesa za kadi za zawadi zinazouzwa kwa umma kuisha muda kabla ya miaka 5, na ada ya kutoitumia haianzi kukatwa mpaka miezi 12 ipite bila matumizi; ila kadi zinazotolewa kama tuzo, kama za kazini, huenda zisiwemo, basi soma masharti yaliyoandikwa kwenye yako. Usije ukaambiwa "itaungua kesho" ukakubali chochote. Na usimpigie picha namba za kadi mtu usiyemjua mtandaoni. Akishazisoma, ameshaishika pesa, nawe umeshika plastiki.

Salio hilo, mwaka wako wa zaka ukitimia kabla hujalitumia, lihesabu pamoja na pesa zako nyingine.

Wallahu aalam.